Mizani ya walokole wa Iowa

Saa 1:31 usiku, tarehe 15 Januari 2024, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha kukunja ndani ya ukumbi wa shule ya msingi hapa Des Moines, jimboni Iowa, kwenye kokasi ya chama cha Republican ya kumpima anayetaka urais, koti bado mwilini. Nje baridi ilikuwa imefika karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Tulikuwa tumeshaomba, tumeshasimama mbele ya bendera, na mama mmoja alikuwa mbele akituombea kura kwa niaba ya Ron DeSantis, gavana wa Florida. Hotuba yake alikuwa ameiandika kwenye karatasi ya daftari, na karatasi ilikuwa ikitetemeka mkononi. Kijana aliyekaa mbele yangu akageuza simu yake ili mkewe aone. Na mimi nikaona. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa limeshatangaza kwamba Donald Trump ameshinda Iowa.

Karatasi za kura zilikuwa bado mezani kwa mwenyekiti, zimefungwa kwa rababendi.

Yule mama hakujua. Alisoma mpaka mwisho, akataja watoto wake, akamtaja Mungu, akashukuru, akaketi. Baada yake akasimama msemaji wa Nikki Haley, kisha wa Trump, ambaye hakutumia hata dakika moja. Ndipo karatasi zikagawiwa. Kila mtu akaandika jina moja, akakunja, akatumbukiza kwenye ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya aiskrimu. Simu zilikuwa zimeshawaka ukumbi mzima, kila mtu anajua, lakini hakuna aliyechukua funguo za gari akaondoka. Zikahesabiwa mbele yetu, moja moja, kwa sauti.

Ndugu zangu walioko Uvira, Kigoma na Dar es Salaam hunipigia simu na swali moja, na kila mwaka linarudi kali zaidi: ninyi walokole wa huko, mtu yule mnampendea nini? Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa kumpenda zaidi yetu. Nimekuwa nikijibu kwa maneno mafupi kwa sababu salio huisha. Leo najibu kwa kirefu.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na Kiswahili changu kimenyooshewa huko. Iowa nilifika mwaka 2009, uraia nikaupata mwaka 2015. Ni mlokole, na katika siasa za nchi hii ni mhafidhina: naamini mtoto aliye tumboni ni mtu kamili, naamini ndoa ni ya mume na mke, naamini taifa lililomsahau Mungu lina njaa hata likiwa limeshiba. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu walokole wanaompima anayetaka urais, naandika kuhusu watu wangu. Kanisa letu la Kiswahili husali Jumapili mchana katika chumba cha chini cha kanisa la Wazungu wa Kibaptisti. Wao hutoka saa sita, sisi tunaingia saa saba, na kwenye ngazi tunapishana tukisalimiana kwa mikono miwili.

Kwa msiojua kokasi: ni mkutano wa wanachama, kila mtaa na wake, jioni moja ya majira ya baridi. Kwa upande wa Republican hakuna ujanja ndani yake. Unafika, unajiandikisha (unaweza kujiunga na chama jioni hiyo hiyo), unasikiliza wasemaji wa wagombea, unaandika jina, unahesabiwa. Jimbo lina kaunti 99 na mikutano zaidi ya 1,600. Wajumbe wa kumteua mgombea wanaoshindaniwa hapa ni wachache sana, 40 tu mwaka 2024 kati ya zaidi ya 2,400 wa nchi nzima. Uzito wake unatokana na kuwa wa kwanza katika mchujo, na unatokana na sisi. Mwaka 2016, katika waliohojiwa wakiingia ukumbini, zaidi ya sita kati ya kumi walijitaja kuwa walokole. Anayetaka Ikulu kupitia chama hiki lazima kwanza apite mbele ya watu wanaosali.

Nilifundishwa kupima na bibi mmoja Mzungu. Kazi yangu ni kulea wazee, na yeye alikuwa mmoja wa wazee wangu, mjane wa mkulima wa mahindi, miguu imechoka lakini akili wembe. Nilipomwambia nimekula kiapo cha uraia, hakunipongeza kwanza. Aliniuliza kama nimeshajiandikisha kupiga kura. Tangu siku hiyo, kila nilipomvalisha soksi asubuhi, alinisimulia wagombea kama watu wa kwetu wanavyosimulia ukoo.

Mwaka 1988 alikuwa wa mhubiri wa televisheni Pat Robertson, aliyewashangaza wote kwa kushika nafasi ya pili nyuma ya Bob Dole, akimwacha makamu wa rais George Bush nafasi ya tatu. Desemba 1999 wagombea walikuwa kwenye mdahalo hapa hapa Des Moines, wakaulizwa ni mwanafalsafa yupi aliyewagusa zaidi. George Bush mtoto akajibu ni Kristo, kwa sababu aliubadilisha moyo wake. Bibi aliniambia alizima televisheni pale pale. Hakuwa na haja ya kusikia mengine. Mwaka 2008 akawa wa Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa gavana wa Arkansas. Mwaka 2012 akawa wa Rick Santorum, aliyezunguka kaunti zote 99 akizungumza na watu kumi hapa, kumi na watano pale, mara nyingi kwenye migahawa ya Pizza Ranch. Usiku wa kokasi ya mwaka huo Mitt Romney alitangazwa mshindi kwa kura 8. Zilipohakikiwa, ikaonekana Santorum yuko mbele kwa 34.

Bibi alikuwa na kipimo chake. Alisema hotuba zote zinafanana, kwa hiyo usisikilize hotuba. Ngoja amalize kula. Mtazame anavyompa sahani yule binti anayeondoa vyombo: anamwangalia usoni, au anampa huku akiongea na mwenye gazeti? Alidai kwamba kwa miaka thelathini binti wa sahani hakumdanganya hata mara moja. Wakati ule niliona ni kipimo kidogo mno kwa cheo kikubwa hivyo. Sasa sioni hivyo, kwa sababu mimi ndiye yule binti. Nimeondoa sahani za watu kwa miaka mingi, na najua nani aliniona.

Msimu wangu wa kwanza ulikuwa wa 2016, na ndio uliovunja mizani. Julai 2015, kwenye mkutano wa walokole uitwao Family Leadership Summit mjini Ames, kaskazini ya hapa, Trump aliulizwa kama amewahi kumwomba Mungu msamaha. Alijibu kwamba hana hakika kama amewahi. Akikosea hujaribu kurekebisha, wala hamwingizi Mungu katika jambo hilo. Akaongeza kwamba akinywa divai kidogo na kula kile kimkate kanisani, huenda hiyo ni namna ya kuomba msamaha. Tuliyasikia asubuhi iliyofuata, mimi na Bibi, kwenye redio iliyokuwa kando ya kitanda chake. Alinyamaza kimya kirefu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtu huyo anahitaji kuombewa na si kuchaguliwa.

Januari 2016 Trump alikwenda Chuo Kikuu cha Liberty kule Virginia, chuo cha Kikristo kilichoanzishwa na Jerry Falwell, yule yule aliyeanzisha Moral Majority, vuguvugu la kisiasa la Wakristo wahafidhina, mwaka 1979. Akanukuu sura ya tatu ya Wakorintho wa Pili, penye neno kwamba alipo Roho wa Bwana pana uhuru, akaitamka kama "Wakorintho Mbili". Watu walimcheka nchi nzima. Mimi kosa lile halikunisumbua hata kidogo. Kule Nyarugusu nimeombewa na wazee wasiojua kusoma herufi moja, na maombi yao yalifika. Kilichonisumbua ni lile la Ames. Mtu anaweza asijue Biblia imepangwaje na bado akajua kwamba amekosea.

Tarehe 1 Februari nilimsukuma Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukumbini. Wote wawili tulimwandika Ted Cruz, ambaye baba yake ni mchungaji mzaliwa wa Cuba. Cruz alishinda Iowa kwa asilimia 28 hivi, Trump 24, Marco Rubio 23. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyehesabiwa. Na hapa lazima nikiri jambo. Novemba iliyotangulia, Cruz alikuwa amesema wakimbizi wa Syria walio Wakristo wapokewe na walio Waislamu wasipokewe. Nililisikia, nikalipita bila kulipima. Mimi, mkimbizi, niliyekaa foleni moja ya maji na mama wa Kiislamu kambini, nikitumia ndoo yake siku ambazo yangu ilipasuka. Sikulipima kwa sababu maneno yale hayakunigusa mimi.

Yaliyofuata mnayajua. Mei, Trump akatoa orodha ya majaji ambao angechagua kutoka miongoni mwao mtu wa Mahakama ya Juu. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa mgombea, na liliwalenga watu kama sisi waziwazi. Juni akakutana New York na viongozi wa kilokole wapatao elfu moja. Julai akamchagua Mike Pence awe mgombea mwenza. Novemba, walokole weupe wanane kati ya kumi wakampigia kura.

Watu wa nje husema walokole walidanganywa. Siamini hivyo, nimekaa nao ngazini. Walijua ni mtu wa namna gani, wakabadilisha swali. Kabla ya hapo tulikuwa tunauliza: mtu huyu ni nani mbele za Mungu? Sasa wakauliza: mtu huyu atasimama mlangoni kwetu? Nilikuwa nikisikia sentensi moja kila mahali, kutoka kwa wanaume wazuri waliotuchangia makoti mwaka wa kwanza tulipofika: hatuchagui mchungaji, tunachagua mlinzi.

Na mlinzi hamuulizi kuhusu mke wake. Kwetu pia ni hivyo, mlinzi wa getini ukimwajiri unaangalia kifua na rungu.

Yapo maandishi ya kulinganisha. Juni 1998, wakati wa kashfa ya Bill Clinton, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kuhusu tabia ya viongozi wa umma, wakisema kuvumilia dhambi nzito ya kiongozi huufisha ganzi moyo wa taifa. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayetenda maovu katika maisha yake ya faragha anaweza bado kutenda haki kazini. Kati ya walokole weupe, asilimia 30 walisema ndiyo. Swali likaulizwa tena Oktoba 2016, na waliosema ndiyo wakawa asilimia 72. Hakuna kundi lingine la dini lililogeuka kwa kiasi kile, tena ndani ya miaka mitano. Vitabu vya Timotheo havikuandikwa upya katika miaka hiyo.

Kanisani kwetu ndugu mmoja alisimama akahubiri Koreshi. Isaya sura ya 45: mfalme wa Uajemi, hamjui Mungu wa Israeli, na bado Mungu anamwita mpakwa mafuta wake na kumtumia kuwarudisha Wayahudi kwao. Mahubiri hayo yalizunguka Marekani nzima tangu 2016, na kwa watu wa uhamisho kama sisi yana utamu wa pekee, maana sisi nasi tunamngoja Koreshi wa kutufungulia njia. Nilisema amina na wengine. Usiku, nikiwa zamu, wazee wamelala, wazo likanijia likanikalisha: Koreshi hakupigiwa kura na Myahudi hata mmoja. Walimkuta ni mfalme. Hakuna aliyeletewa karatasi kule Babeli aandike jina lake na kulikunja. Mungu akimtumia mfalme mpagani, hiyo ni kazi ya Mungu. Mimi nikipewa karatasi, hapo nimeulizwa mimi, na siwezi kumtupia Mungu jibu langu.

Nilimweleza mchungaji wetu. Akanisikiliza, akasema, "Mama Neema, na Samweli je? Si alitumwa kwa Yese akiwa na pembe ya mafuta, akatazama sura, akakosea?" Alikuwa sahihi. Samweli naye alikosea kwa Eliabu kabla ya kufika kwa Daudi. Ila niliona kwamba Samweli alirekebishwa akiwa anaendelea kutafuta moyo, hakuacha kuutafuta.

Sasa niseme upande wa pili, kwa haki, kwa sababu ni mzito na nisipousema nitakuwa nawasingizia watu wangu. Wale waliochagua kwa kuangalia moyo walipata nini? Huckabee alishinda Iowa 2008, chama kikamteua John McCain. Santorum alishinda 2012, chama kikamteua Romney. Cruz alishinda 2016, chama kikamteua Trump. Bob Vander Plaats, kiongozi wa walokole wanaoandaa mkutano ule wa Ames, aliwaunga mkono wote watatu. Mara tatu mfululizo Iowa ikamsikia, na mara tatu hakuna aliyepata hata nafasi ya kusimama Novemba. Wazee wetu walipiga magoti miaka 49 kuhusu hukumu ya Roe ya Januari 1973, iliyohalalisha kutoa mimba nchi nzima, wakachagua marais waliojua kuomba vizuri, na hukumu ikabaki. Kisha akaja huyu asiyejua jina la kitabu, akaweka majaji watatu, Gorsuch, Kavanaugh na Barrett, na tarehe 24 Juni 2022 Roe ikaanguka. Siku ile kanisani juu na chini watu walilia. Mimi pia nililia. Siwezi kumwangalia mtu aliyempa Trump kura kwa ajili ya siku ile nikamwambia hakupata alichokitafuta.

Hata hivyo nimeona kitu kinachonitia hofu zaidi kuliko kushindwa, nacho kilikuwa juu ya jukwaa moja hapa Des Moines tarehe 14 Julai 2023. Ni mkutano ule ule wa Family Leadership. Gavana wetu Kim Reynolds alisaini jukwaani sheria ya kuzuia kutoa mimba pale mapigo ya moyo yanaposikika, karibu wiki ya sita, na ukumbi ukasimama. Trump hakuja. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Mike Pence. Fikirini: kama mngemfinyanga kwa udongo mgombea wa walokole wa Iowa, mngemfinyanga Pence. Jirani wa magharibi ya kati, mume wa mke mmoja, mpinzani wa utoaji mimba tangu akiwa bungeni, mtu wa kupiga magoti. Jukwaani alihojiwa na Tucker Carlson kuhusu vita vya Ukraine, na ukumbi wa Wakristo ukamzomea.

Nilikuwa nimeamua ni yeye. Tarehe 28 Oktoba akajitoa, fedha zimekwisha, kura za maoni hazimwoni. Kosa lake kubwa machoni pa wengi lilikuwa la tarehe 6 Januari 2021, alipokataa, akiwa makamu wa rais, kuzuia kura za majimbo zilizompa Joe Biden ushindi zisihesabiwe kwa sababu alikuwa ameapa kwa katiba, na mkono kwenye Biblia. Kwa mizani ya zamani hilo lingekuwa ndilo jambo linalompa ushindi. Mtu anayeapa na kushika kiapo kwa hasara yake, Zaburi ya 15 imemwandika. Kwa mizani mpya, mlinzi aliacha lango.

Novemba, Reynolds akamuunga mkono DeSantis, na Vander Plaats pia. Mara hii Iowa haikumsikia. Trump alipata asilimia 51, DeSantis 21, Haley 19. Kaunti 98 kati ya 99, na ile moja, Johnson, aliikosa kwa kura moja. Mikutano ilihudhuriwa na watu 110,000 hivi, wakati 2016 tulikuwa zaidi ya 180,000. Baridi ilichangia, na kujua mapema nani atashinda kulichangia. Walokole weupe, zaidi ya nusu walikuwa naye tangu mwanzo, kabla ya wengine kujitoa. Hakuna tena swali la nani ni wetu. Mimi nilimwandika DeSantis, baada ya matokeo kutangazwa, kwa kalamu ya kanisa la juu.

Bibi hakuuona usiku ule. Alikuwa ameshazikwa karibu na mumewe, kwenye makaburi yenye mahindi pande tatu.

Kuna jambo lingine ambalo wahafidhina wenzangu hawaliweki kwenye mizani, na nitalisema kama mhafidhina. Mwaka 1975 gavana wa Iowa Robert Ray, mtu wa Republican, aliwapokea watu wa Tai Dam waliokimbia vita vya Indochina. Alikubali waje kama jamii moja, wasitawanywe. Wazungu wazee hapa bado huzungumza habari hiyo kwa fahari, na wengi wao waliipokea kama kazi ya kanisa: nyumba, kitanda, sufuria, safari ya kwenda kliniki. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuleta sisi wa Kongo. Desemba 2019, magavana walipotakiwa kutoa idhini ya maandishi ili wakimbizi waendelee kupokewa, Reynolds aliitoa. Kwa hiyo msiniambie kwamba kuwa mhafidhina wa Iowa na kumpokea mgeni ni vitu viwili. Nimeviona katika mtu mmoja.

Tarehe 20 Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais, na baadaye kiwango cha mwaka wa bajeti wa 2026 kikawekwa 7,500, nafasi nyingi zikitengewa Waafrikana, yaani Wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana. Kiwango cha mwaka 2017, kilichowekwa na Barack Obama, kilikuwa 110,000. Mdogo wangu yuko Nyarugusu na watoto wanne. Faili lake lilikwama zamani, miaka mingi kabla ya amri hiyo, kwa karatasi zilizopotea mahali ambapo hakuna anayepajua. Hunipigia usiku wa huku, asubuhi ya kule, na kabla ya kuniuliza habari za mtihani wa mwanangu huuliza, "Dada, nani atakuja baada ya huyu?" Anafuatilia mchujo wa Republican kuliko majirani zangu.

Basi, nani atakuja? Katiba haimruhusu Trump kuchaguliwa mara ya tatu, kwa hiyo 2028 mlango uko wazi. Majina mawili yanayotajwa kwenye ngazi za kanisa letu ni makamu wa rais JD Vance, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 2019, na Marco Rubio, Mkatoliki pia. Mwaka 1960 wahubiri wakubwa wa Kiprotestanti walimpinga John Kennedy hadharani kwa sababu ya Roma. Leo katika kanisa la Kibaptisti sijasikia mtu hata mmoja akiuliza kuhusu Papa. Miaka mingi ya kusimama pamoja nje ya kliniki za kutoa mimba, wengine na rozari, wengine na Biblia tu, ilimaliza ugomvi ambao karne nne hazikuumaliza. Nalifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini nasikiliza pia kile wanachouliza badala yake, nacho ni kimoja: atapigana?

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana wetu walibaki wakibishana juu ya majina hayo huku wakikusanya viti. Wamo waliozaliwa kambini ambao sasa ni raia, na 2028 itakuwa kokasi yao ya kwanza. Mmoja alisema mgombea yeyote atafaa mradi asiwe mnafiki. Mwingine akasema wote ni wanafiki, afadhali mwenye nguvu. Walizungumza kama watu wazima wa kanisa la juu, sentensi kwa sentensi. Nikatambua kwamba hawa hawajawahi kuusikia ule mtihani mwingine. Walikuwa watoto wakati wa Ames. Kwao mizani imekuwa na sahani moja tangu walipoanza kuelewa siasa. Nikaketi nao kwenye viti vilivyosalia, nikawasimulia kuhusu Bibi na binti wa sahani, mpaka mlinzi wa jengo akaja kuzima taa.

Wagombea wataanza kuja, kama kawaida, mmoja mmoja, kwenye migahawa na vyumba vya chini vya makanisa. Watasalimia, watataja mahindi, wataomba maswali. Nimeamua kwamba nitakaa karibu na njia, mahali ambapo kipaza sauti hufika, na vijana watatu wameahidi kuja nami. Swali langu nimeshaliandika kwa Kiingereza na mwanangu amelisahihisha. Kwa Kiswahili ni hivi: mheshimiwa, ni lini mara ya mwisho ulimkosea mtu asiyeweza kukupa kura, na ulimwambia nini uliporudi kwake?